Msikivu wa Mahurunga

Jumatatu, 7 Oktoba

Nyumba imekuwa pana. Vyumba ni vilevile viwili na kibaraza cha cherehani hapa Ufukoni, lakini tangu Riziki aondoke, nikikohoa kikohozi kinanirudia.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomi mtu. Mke wangu yuko kwao Mahurunga, kwa mama yake, Bi Somoe. Tulikwenda wote kwenye arobaini ya marehemu baba yake. Watu wako kwenye dua, viganja juu, Mzee Jafari, ami yake Riziki, anamwombea marehemu. Ghafla simu yangu ikasema mfukoni. Redio! Nilikuwa nimewapigia kabla ya dua, nikadhani imekatika, kumbe walikuwa wameniweka kwenye foleni. Dada Tumaini, mtangazaji, akauliza mwaka gani. Nikajibu. Kwa sauti. Jibu lilikuwa sahihi kabisa na hakuna hata mmoja aliyenipongeza. Dua ikavunjika. Nilirudi Mtwara peke yangu.

Leo Bi Somoe kapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia kwa mkato. Ujumbe wake: mpaka Jumapili niwe nimefika mwenyewe kumfuata mke wangu, tena na mshenga, niombe radhi mbele ya wazee, dua ya marehemu isomwe upya, kisha nimchukue. Jumapili ikipita, Riziki anakwenda Newala kwa kaka yake, na talaka itadaiwa.

Talaka! Nimekaa kwenye kiti cha cherehani kama gunia lililotupwa. Sina njaa. Nampenda mke wangu, jamani, hata kama sikumbuki mara ya mwisho kumwambia.

Lakini kwenda kukalishwa mkekani nisomewe mashtaka na wazee? Nina mpango ulio bora. Kila siku saa mbili asubuhi redio yetu ina Chemsha Bongo. Swali moja tu, la habari za wiki au la historia ya michezo. Anayewahi kujibu, kwa simu au kwa meseji, anaruhusiwa kusalimia watu watatu hewani. Riziki na mama yake huchambua korosho redio ikiwa pembeni. Nishinde mara moja tu! Nimsalimie kwa maneno mazito, mkoa mzima usikie. Atapanda bodaboda ya kwanza. Mshenga wa nini?

Swali la leo: Taifa Stars walicheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka gani na wapi. Nigeria, 1980! Hili hata ukinizindua usingizini. Nikapiga. Inatumika. Nikapiga. Inatumika. Dada Tumaini akatangaza kwamba mshindi kapatikana kwa meseji, anajiita Msikivu wa Mahurunga.

Mahurunga! Kijiji kilekile! Nikazima redio kabla hajaanza kusoma salamu zake. Salamu za mwizi sizitaki.

Jioni akapita Dickson, jirani yangu. Mtu wa Kyela, anafanya kazi bandarini, Simba wa kutupwa. Akaniuliza kama nimesikia zile salamu. Nikamkatisha, nikamwambia asinitajie redio leo. Akaenda zake.

Jumanne, 8 Oktoba

Mbinu ya leo: simu mbili. Meseji siandiki, vidole vya fundi ni vizito, nikimaliza kuandika salamu msimu wa korosho utakuwa umekwisha. Kwa hiyo nikaazima simu ya Dickson. Moja sikio la kulia, nyingine la kushoto. Hesabu ni rahisi: simu mbili, bahati mbili.

Swali: msimu gani Ndanda yetu ilicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Machozi karibu yanitoke. Nilikuwepo uwanjani Nangwanda! Nilipiga kelele za Wana Kuchele, jina la utani la Ndanda, mpaka nikapoteza sauti kwa wiki nzima, na Riziki akasema ilikuwa wiki nzuri. 2014 kuingia 2015!

Nikapiga zote. Ya kulia ikaita. Ya kushoto ikasema namba inatumika. Nikajua kuna mtu ameniwahi. Kwa hasira nikakata zote mbili. Kisha nikatulia, nikafikiri. Aliyeniwahi alikuwa mimi, kwenye simu ya kulia.

Mshindi: Msikivu wa Mahurunga. Nikazima.

Nimeshona mkono wa shati kwenye kola. Mwenye shati, mwalimu Andrea, kaja kulichukua. Kasema hajawahi kuona mtindo huo. Nikamwambia ndio unaoingia. Hakulichukua. Mashati mengine manne yananing'inia bila matundu ya vifungo. Matundu ni kazi ya Riziki. Alikuwa anakaa pale mlangoni na sindano yake, kimya, mimi naongea. Sikuwahi kufikiri kwamba kimya nacho kina sauti, lakini kimeondoka na sasa nakisikia.

Nimerudisha simu kwa Dickson. Akaanza tena habari za salamu za redio, kwamba kuna mtu kasalimiwa. Nikamwambia mimi napenda kusalimia, si kusalimiwa. Nikaingia ndani.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimechunguza. Msikivu ni mwanamke au ni mwanamume? Kwa meseji huwezi kujua. Ila nimehisi Dada Tumaini anawapendelea wanawake, kwa sababu mimi ni mwanamume na sijashinda. Mbinu: kubana sauti. Nilifanya mazoezi tangu alfajiri. Mama wa nyumba ya nyuma akagonga ukuta kuuliza kama kuna mgonjwa.

Nikapiga. Nikapokelewa! Nikasema kwa sauti nyembamba kwamba naitwa Bi Latifa, niko Ufukoni. Dada Tumaini akasema karibu Fundi Nassoro, na pole kwa mafua.

Haidhuru. Swali likaja: katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, wanariadha wetu wawili walileta medali za aina gani. Hili nalijua kuliko jina langu! Bayi na Nyambui! Nikajibu: dhahabu!

Kosa. Eti fedha. Zote mbili, fedha. Dhahabu ya Bayi ilikuwa ya Jumuiya ya Madola, mwaka 1974, Christchurch. Miaka yote nimekuwa nikisema dhahabu, nagonga meza, na hakuna anayepinga. Kwa kweli kuna mtu humu ndani aliwahi kuniambia ni fedha. Nikamnyamazisha. Siikumbuki sura yake, nakumbuka alikuwa anapakua wali.

Aliyepatia: Msikivu wa Mahurunga. Bila shaka! Nikazima, tena nikachomoa na betri.

Nikawaza juu ya dunia. Gesi inachimbwa kwetu, inasafiri kwa bomba mpaka Dar, na mimi hapa napulizia mkaa mbichi kwa kifuniko cha sufuria. Maji yangu ya chai yamechukua muda kuliko mbio za marathoni. Kila kitu cha hapa kinanufaisha walio mbali. Hata mke.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimemwandikia Riziki meseji. Ya kwanza tangu ile arobaini! Ilinichukua muda mrefu. Nilitaka kuanza na mambo ya moyo, lakini lenye haraka ndilo hutangulia. Nikaandika hivi: hapo kijijini kwenu kuna mtu anajiita Msikivu. Ni nani? Mzuieni.

Majibu yakaja upesi. Alisema anamjua. Ni mtu aliyekaa na redio moja miaka kumi na moja, haizimiki, haipunguzwi sauti.

Basi nimeshamjua adui. Ni mzee. Mstaafu. Redio kuukuu ya mbao, kifungo kimekwama. Watu wa namna hiyo ni hatari, hawana kazi nyingine. Nilitaka kumshukuru Riziki kwa upelelezi wake, salio likaisha.

Swali la leo lilikuwa uonevu mtupu. Mwaka 1979 timu ya Tanzania ilifungwa nne bila hapa nyumbani na Mufulira ya Zambia. Ikaenda kurudiana kulekule kwao. Matokeo? Kila mtu anajua. Watoto wa chekechea wanajua. Nami nilipokelewa, niko hewani, Dada Tumaini anasubiri, Mahurunga inasikiliza.

Timu hiyo ni Simba.

Baba yangu alikufa Yanga. Sanda yake isingekuwa lazima iwe nyeupe, tungemzika kijani na njano. Nikafungua kinywa kusema Simba walishinda tano bila. Kinywa kikakataa. Nikasema ningependa kwanza kueleza mazingira ya mchezo ule. Dada Tumaini akasema muda. Nikasema hali ya uwanja. Akasema muda umekwisha.

Msikivu wa Mahurunga, tano bila. Na mshindi ni Yanga kama mimi, Dada Tumaini alisema aliandika hivyo mwenyewe, kwamba ni Yanga kwa ndoa. Sijui maana yake nini. Kuna watu hawana msimamo.

Dickson alicheka mpaka akakaa chini. Alipoacha kucheka akasema kwa upole kwamba kama ningemwambia Riziki neno moja tu la pole, leo angekuwa hapa anatoboa matundu ya vifungo. Nikamwambia hajui mapenzi, anajua kupima makontena. Akasema kontena angalau huwa anasoma kilichoandikwa ubavuni.

Mchana nikapeleka kapu la ming'oko redioni, kule Shangani. Zawadi kwa Dada Tumaini. Ming'oko mizuri, mizizi ya porini ya kwetu, imetoka kuchemshwa. Sikuomba chochote. Niliuliza tu, kwa mbali, kesho wataelekea kwenye habari au kwenye michezo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Aibu yangu!

Saa mbili kamili Dada Tumaini akaanza kwa kumshukuru Fundi Nassoro wa Ufukoni, kwa jina, kwa ming'oko. Akasema studio nzima wamekula. Akasema maswali hayauzwi, lakini kama yangeuzwa basi ming'oko ile ingetosha robo ya swali. Mkoa mzima umesikia! Msikitini, baada ya sala ya Ijumaa, mtu nisiyemfahamu kanishika mkono na kuniuliza ming'oko inapatikana wapi.

Na swali lenyewe! Zoezi gani limeanza leo mitaani na vijijini nchi nzima? Nikafikiri. Wiki hii habari ni korosho tu, minada, bei, nani kauza kwa nani. Nikapiga, nikajibu mnada wa korosho. Kosa. Ni uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa.

Uandikishaji! Ofisi ya mtaa inatazamana na kibaraza changu. Tangu asubuhi kulikuwa na foleni ya watu mbele ya cherehani yangu. Mimi mwenyewe nilitoka nikawafokea wapunguze kelele, nasubiri swali.

Msikivu kashinda tena. Nikazima.

Mtaani kila mtu ananichekea. Muuza samaki kaniambia fundi, leo nawe umesalimiwa, kila siku unasalimiwa, hongera. Nikajua ni kejeli ya ming'oko. Nikampita. Mama wa nyumba ya nyuma naye kaniita akasema mwanangu, mtu anayekuita hivyo hewani usimwache hivihivi. Nikamwambia shikamoo, nina haraka.

Na Stars jana wamefungwa kule Kongo, moja bila, tena bao la kujifunga wenyewe. Nimeinamisha kichwa kwenye meza ya cherehani. Najisikia vibaya kwa namna ambayo haitokani na mpira.

Keshokutwa ni Jumapili.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sikulala vizuri. Niliota Riziki amekaa mlangoni anatoboa matundu, shati halina mwisho. Nikamwita, akageuka, hakuwa na masikio.

Leo sikupiga simu redioni. Niandike hivyo kwa herufi kubwa: SIKUPIGA. Nilikaa nikafikiri kuhusu maisha yangu. (Na vocha ilikuwa imekwisha, na mwenye duka hanikopeshi.)

Nimemwendea Dickson. Nikamwomba awe mshenga wangu. Desturi inataka mtu mzima wa heshima, anayejua maneno ya ukweni, lakini wazee wote wa msikitini niliowaendea wameikumbuka ile arobaini na kila mmoja ana safari. Dickson akakubali kabla sijamaliza. Akasema ana pikipiki, mafuta yapo, na kwamba kuna jambo ataniambia njiani, Mungu ajaalie nisimkatishe.

Nikaamua nimshonee Riziki gauni. Kitenge kizuri, cha bluu, nilikiweka kwa ajili ya mteja ambaye hakurudi. Nikachukua futi, nikachukua chaki. Nikakikunjua mezani. Nikasimama.

Sijui vipimo vyake.

Mimi ni fundi. Nawapima wanawake wa Ufukoni na Shangani yote, vipimo vingine navijua kwa kichwa, bega la mwenyekiti wa mtaa nalijua. Mke wangu miaka kumi na moja ameshona nguo zake mwenyewe, pembeni, kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, mimi nikiwa naeleza nani alifunga bao gani. Nilijaribu kukumbuka mabega yake. Nikakumbuka mgongo wake ukielekea jikoni. Nikalia. Nimelia kweli, juu ya kitenge, mpaka chaki ikafutika.

Nikashona kwa kukisia. Nimeacha nafasi kubwa, bora lizidi.

Kesho nitamaliza kila kitu kwa adabu. Mpango: tutoke baada ya alfajiri, tuwahi kufika, radhi, dua, kila kitu kiishe kabla ya saa mbili. Kisha saa mbili, tukiwa njiani kurudi, Riziki nyuma ya bodaboda, mimi nyuma ya Dickson, nitajaribu swali moja dogo, vocha nimeshaipata jioni hii. Hakuna atakayeumia.

Jumapili, 13 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Tulitoka giza likiwa bado. Dickson aliongea njia nzima, mimi nimevaa kofia ya pikipiki ya marehemu mjomba, ina sifongo nene masikioni. Nilisikia upepo tu. Nikawa naitikia ndiyo, ndiyo. Mwisho akageuka akanitazama kwa furaha, akauliza kama sasa nimeelewa. Nikasema nimeelewa.

Karibu na Mahurunga simu ikalia mfukoni. Meseji, Kireno kitupu. Nikaifuta. Tulipofika nikatazama saa ya simu, sikuamini: tumefika mapema ajabu, hata saa moja bado! Nikampongeza Dickson. Nikaona mpango wangu umenyooka. Muda wa kumwaga.

Bi Somoe alitupokea vizuri. Nnungu wangu, Mungu wangu, alisema, kumbe anayo miguu. Tukakaa mkekani. Mzee Jafari yupo, majirani wawili wapo, Riziki yuko ndani nyuma ya pazia, namwona kivuli. Dickson alisema maneno ya mshenga kwa Kiswahili cha bandarini, lakini wazee walimpenda. Zamu yangu ikafika. Nikaomba radhi. Niliomba kweli! Nikasema nilikosa, nilimvunjia marehemu dua, na nyumba imekuwa pana. Sauti ilinikatika hapo kwenye pana. Bi Somoe akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Lile gauni likapelekwa ndani. Baada ya muda Riziki akatoka amelivaa. Lilikuwa kubwa, bega moja linateleza, analishikilia kwa mkono. Mkono wa pili una kifurushi chake. Alikuwa anatabasamu! Alisema hivi ndivyo anavyoonekana akipimwa kwa kukumbukwa.

Amekubali kurudi. Niliandike tena. Alikuwa amekubali kurudi.

Mzee Jafari akasema sasa tuifunge ile dua. Viganja vikapanda. Nikapandisha vyangu. Nikafumba macho.

Ndipo jikoni, kwenye redio ya Bi Somoe, nikasikia muziki wa Chemsha Bongo.

Haiwezekani! Nikachungulia simu: saa moja. Muziki huo ni wa saa mbili! Nikafikiri ni marudio. Kisha Dada Tumaini akasoma swali. Mexico, mwaka 1968, mbio za marathoni, Mtanzania aliyeanguka, akaumia, wenzake wakamaliza wote na yeye akaendelea mpaka mwisho. Ni nani?

Akhwari! John Stephen Akhwari! Nilijizuia. Wallahi nilijizuia. Niliuma ulimi, Mzee Jafari yuko katikati, anamtaja marehemu kwa jina. Nikajiambia Nassoro, tulia, kamaliza mbio huyo, nawe maliza dua. Nilisikia miguu yangu ikisimama bila kuniuliza.

Nyuma ya nyumba kuna kichuguu kirefu. Nikakipanda mbio, kwa sababu nilishawahi kusikia kwamba huko ndiko unakoshika mtandao wa kwetu. Juu yake udongo umelainika, kuna alama za ndara, kuna hata kigoda. Inaonekana kuna mtu hupanda pale kila asubuhi. Nikapiga. Ikaita. Nikapokelewa! Akhwari! Sahihi!

NIMESHINDA.

Dada Tumaini aliniuliza mara mbili kama ni mimi kweli Fundi Nassoro, na niko wapi. Nikasema niko safarini. Akanipa salamu zangu tatu. Wiki nzima nimezitayarisha. Nikasema, kwa sauti ya kujaza bonde lote la Ruvuma: wa kwanza, namsalimia mke wangu kipenzi, ua la moyo wangu, Riziki, popote pale alipo.

Riziki alikuwa chini ya kichuguu. Alinifuata. Alikuwa na kifurushi na bega limeteleza. Akasema yupo hapa.

Nikamwonyesha kwa kidole anyamaze, niko hewani.

Wa pili, mama mkwe wangu, Bi Somoe, popote pale alipo. Wa tatu, yule anayejiita Msikivu wa Mahurunga, ajue leo amempata kiboko yake, na kama ana aibu asijibu tena.

Niliposhuka, Riziki hakuwepo chini. Pazia lilikuwa limeshushwa. Mzee Jafari anatafuta ndara zake, majirani wanakunja mkeka. Hakuna aliyesema amina. Nilimwuliza Bi Somoe kama salamu zimesikika vizuri jikoni. Aliingia jikoni, akaizima redio. Gauni nililikuta kwenye kiti cha pikipiki, limekunjwa vizuri, kwa ule mkunjo wake wa pembe nne.

Dickson aliendesha mpaka Mtwara. Kushuka, alisema kitu kimoja tu, kwamba ukifika karibu na Ruvuma simu hushika mtandao wa Msumbiji, na Msumbiji saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, na kila mtu anajua.

Msumbiji! Ndoa yangu imevunjwa na Msumbiji!

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu ya Nyerere. Mtaa umetulia. Nyumba ni pana kuliko jana.

Bi Somoe kapiga asubuhi na mapema. Riziki kaondoka alfajiri kwenda Newala. Watu wa kudai talaka watakuja, nisiwape shida. Aliongea taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilitafuta neno la kusema. Yalikuja mengi, yakajazana mlangoni kama watu wa foleni. Nikamwuliza kama redio yetu inashika Newala. Akakata.

Nilikaa kibarazani. Nimeshika lile gauni la bluu, limebaki na harufu ya moshi na korosho. Nimejaribu kutoboa tundu la kifungo kwenye shati la mwalimu Andrea, nimejichoma. Nilijiambia basi, imetosha, nitaifunga redio kwenye gunia na kuitupa uvunguni. Nikainuka. Nikaichukua. Ikawa saa mbili.

Leo Dada Tumaini hakuanza na swali. Sauti yake ilikuwa chini. Akasema kabla ya yote ana ujumbe, umetumwa alfajiri. Ni wa Msikivu wa Mahurunga, anawaaga wote. Anasema amesikiliza vya kutosha, kuanzia leo hasikilizi tena.

Nikasimama palepale, redio mkononi, machozi yananitoka.

Amejiondoa! Amemwogopa kiboko yake! Zile salamu zangu zimemwingia! Nimecheza kibaraza kizima, futi shingoni, foleni ya uandikishaji ikinitazama. Kwa furaha hiyo nimelikosa swali lenyewe, hata sijui liliuliza nini. Haidhuru.

Dickson kasimama ng'ambo ya barabara muda wote. Akatikisa kichwa, akaenda kujiandikisha. Nilimwita nikamwuliza hilo la Newala. Akasema inashika, ila uwe juu ya kilima na uwe unataka kusikia.

Basi imetosha hiyo. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima naona mwanga. Uwanja sasa ni wangu. Hakuna mpinzani, hakuna wa kuniwahi. Nimeirekebisha saa ya simu. Kesho saa mbili nitapiga, nitashinda, na nitamtumia Riziki salamu ndefu kuliko zote, yeye peke yake, mara tatu.

Lazima atanisikia.